Somo: Dhulma ya Mtoto kwa Mtoto Shuleni

Ndugu wasomaji, dhulma ni dhulma, hata itendwapo na mtoto juu ya mtoto mwenziwe.

Wengi wetu wa pwani huwapeleka watoto katika shule za bweni za bara. Mtoto wa Mombasa aendaye Nunguni, katika milima ya Kilungu huko Makueni, hukuta baridi asiyoizoea na Kikamba asichokifahamu. Ugeni huo si dhulma. Lakini popote pale wakubwa wakiugeuza ugeni kuwa dhihaka, wakamnyang'anya mgeni fedha na sabuni, wakamfulisha nguo zao usiku, hapo pana dhulma. Wala shule yenye sifa haisalimiki: mwaka 2017 wizara ya elimu iliichunguza Alliance, iliyofunguliwa mwaka 1926, kwa habari za wadogo kuteswa na wakubwa wao.

Wako wasemao, "Nasi tulipitia hayo, tukakomaa." Jawabu yetu ni hii: aliyeonewa mwaka huu mara nyingi hulipiza kwa mgeni wa mwaka ujao, na deni likalipwa na asiyelikopa.

Katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 11, tumekatazwa kudharauliana na kuitana majina mabaya. Na Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013, kifungu cha 36, yakataza kumtesa au kumdhalilisha mwanafunzi, kwa mwili au kwa moyo.

Basi yatupasa mambo matatu.

Kwanza, mzazi atazame dalili: mchangamfu amekuwa kimya, vitu vyapotea kila muhula, tumbo lauma siku ya kurudi shuleni. Aulize kwa upole, "Wala na nani? Nani alala karibu nawe?"

Pili, mwalimu asiwaachie viranja peke yao mabweni usiku, wala asimtaje mbele ya wenziwe mtoto aliyeshtaki.

Tatu, mdhalimu naye ni mtoto. Azuiwe, arudishe alichotwaa, na aulizwe alijifunza wapi hayo.

Na mtoto afundishwe nambari 116, ipigwayo bila malipo kuomba msaada.

Ndugu zangu, tusimwambie mtoto "vumilia" kabla hatujamsikiliza. Akinyamazishwa nyumbani, atamwambia nani tena?