MLETA MZIGO AKIKUKAUSHIA, JIULIZE NA WEWE ULIMWAHIDI NINI

Leo naongea na nyie mnaouza dagaa na samaki kwa oda za WhatsApp, kama mimi hapa Bariadi.

Mwaka jana nilishika hela za wateja 11 wa dagaa. Kaka anayenitumia yupo mwaloni kule Busega, anapakia kwenye gari pale Lamadi. Siku ya mzigo ikafika, simu hapokei. Siku tatu kimya! Nikarudisha hela za watu, na wateja wanne hawajarudi mpaka leo.

Alipopokea nikamwakia. Akaniuliza kitu kimoja tu: "Dada, yale magunia mawili uliyosema nikuwekee, ulikuja kuyachukua?"

Nikaishiwa maneno. Nilikuwa nimepata ya bei chee kwa mtu mwingine, nikamwacha na mzigo bila hata meseji. Aliuza kwa hasara. Mimi ndiye nilianza kukausha.

Tulivyorekebisha:

1. Ulizia mwezi kabla ya kupokea oda. Dagaa wa Ziwa Victoria wanavuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haiwavuti sana, dagaa wanapungua na bei inapanda. Mvua nayo inazuia kuanika. Sasa ananiambia mapema, na siku hizo sipokei oda kubwa.

2. Ahadi iwe na kipimo. Usiseme "niwekee wa kutosha." Sema magunia mangapi, siku gani, bei gani, nauli analipa nani. Mkimaliza kuongea, tuma meseji yenye hayo hayo, isije ikawa "mimi nilisikia hivi."

3. Weka hela kwenye neno lako. Natanguliza nusu, nusu namalizia mzigo ukifika na nikishaukagua.

4. Habari mbaya itoke siku hiyo hiyo. Nikikwama, namwambia kabla hajapakia. Akikosa, ananiambia, na mimi nawaambia wateja jioni ile ile: subiri au chukua hela yako. Wengi wanasubiri.

Bei chee ya siku moja ilinipa faida ndogo, ikanipotezea wateja wanne. Siku hizi dagaa wakiadimika, ananipigia mimi kwanza.

Je, wewe kuna mtu umemwachia mzigo bila kumwambia? Mpigie leo.