Chanzo cha Oili Ivujayo kwenye Tabo
Gari lenye tabo likifikishwa gereji pale Mkolani, barabara ya Mwanza–Shinyanga, huku likitoa moshi wa buluu, tabo ndiyo hushutumiwa kwanza. Pengine haina kosa. Mhimili wake, uwezao kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, hauzibwi kwa mpira: oili huzuiwa na ringi nyembamba za chuma pamoja na shinikizo la hewa, kisha hushuka kwa uzito wake yenyewe hadi chini ya injini. Oili iliyoungua ikiziba bomba la kurudia, au tundu la kupumulia la injini likiziba, oili hurundikana na kupenya kwenye ekzosi. Hapo hata tabo mpya, kwa ughali wake wote, itavuja. Bomba na tundu vikaguliwe kwanza. Ndipo mhimili utikiswe kwa vidole, injini ikiwa imepoa.