Kupandanisha si kurundika

Swali: Mwalimu, ninauza samaki wa chumvi hapa Kisangani. Mjukuu wangu ameandika shuleni kwamba bibi “anarundika samaki”. Mwalimu wake amelikata neno na kuandika “anapandanisha”. Sisi sokoni tunasema “kupanga” tu. Nani yuko sawa?

Jibu: Mama, mwalimu yuko sawa, nanyi wa sokoni hamjakosea. Aliyekosea ni mjukuu, tena kidogo tu.

Kurundika ni kutupa kitu juu ya kitu ovyo ovyo, kama takataka. Wewe unamwaga chumvi, unalaza samaki aliyepasuliwa, ngozi chini, chumvi tena, halafu samaki mwingine, na wa juu humlemea wa chini mpaka maji yatoke. Huko ndiko kupandanisha. Shina ni panda. Pandana ni kimoja kukaa juu ya kingine. Pandanisha ni wewe kuvifanya vikae hivyo.

Kupanga ni neno pana mno: hata viti hupangwa, na hakuna kinachokaa juu ya kingine. Kutandika nako ni kwa kitu bapa kinachofunika, kama mkeka au shuka. Kwa hiyo majani ya chini ya kikapu unayatandika, samaki unawapandanisha.

Tahadhari moja: ukisema “mbuzi wamepandana”, hakuna atakayefikiria kikapu.

Mjukuu akipenda nomino, ipo tabaka, yenye asili ya Kiarabu: “Bibi anapanga samaki tabaka kwa tabaka.” Hapo hata kupanga kunapata maana kamili.