Mafundo Mawili na Nusu

Kosa langu la kwanza lilikuwa kusoma kama mtangazaji wa redio. Niliwakalisha wanangu watatu sebuleni baada ya Isha, nikadai kimya, nikaanza Treasure Island ya Stevenson kwa Kiingereza chake cha 1883. Kabla sura haijaisha mkubwa anachungulia dirishani na kitinda mimba amelala fofofo. Maharamia wote wale, na hakuna aliyeshtuka! Baadaye ndipo nilipokumbuka kuwa iko Kisiwa chenye Hazina, tafsiri ya Frederick Johnson ya mwaka 1929.

Kitabu kilichonifunza kazi ya kuwasomea watoto ni Carry On, Mr. Bowditch cha Jean Lee Latham, kilichopata Medali ya Newbery mwaka 1956. Ni riwaya, ila mtu wake ni wa kweli. Nathaniel Bowditch wa Salem, Massachusetts, alifungwa kwa mkataba wa miaka tisa kwa wenye duka la vifaa vya meli akiwa na miaka 12, akajifunza hesabu na Kilatini peke yake, na mwaka 1802 akatoa kitabu cha uongozaji wa meli ambacho matoleo yake yanachapishwa hadi leo. Kwa sisi tunaosomesha watoto nyumbani hapa Mombasa, huyo ni mgeni wa kukaribishwa.

Wape mikono kazi. Mmoja achambue mchele, mwingine asokote kamba, mdogo achore. Mtoto anayechambua mchele husikia kuliko anayekukodolea macho.

Lugha ndiyo iliyonitoa jasho. Nasoma aya kwa Kiingereza, kisha naisimulia kwa Kiswahili, bila kuandama neno kwa neno. Lakini meli ina kamba chungu nzima na mimi nilijua "kamba" tu. Nikampigia simu baba yangu, Lamu, aliyekula chumvi ya jahazi ujana wake wote. Watoto wakamwamkia, "Shikamoo babu!" Akaitikia, kisha akawamwagia: foromali, mti unaobeba tanga; henza, kamba ya kulipandisha; omo, mbele; tezi, nyuma; kupiga bisho, kwenda kinyume cha upepo kwa kukata huku na huku. "Na mama yenu hayajui haya?" akauliza. Nilijifanya naangalia chungu jikoni. Tangu siku hiyo nahodha wa Salem anapiga kelele kwa Kiswahili cha Lamu. Meli yake ina matanga ya mraba, kwa hiyo ziko kamba ambazo hata babu hana majina yake. Hizo tunaziita kwa kazi zake na tunasonga mbele.

Kisha toka nje. Zamani mwendo wa meli ulipimwa kwa kibao kilichofungwa kwenye kamba yenye mafundo. Kibao kikitupwa hubaki palepale majini, meli inakwenda, kamba inafunguka. Mchanga wa chupa ya sekunde 28 ukiisha, unahesabu mafundo yaliyopita mkononi. Kifaa hicho babu hukiita batli. Kutoka fundo hadi fundo ni kama mita 14.4. Sisi tuligawa kwa mbili: sekunde 14, fundo kila mita 7.2, kwenye kamba ya kuanikia nguo ya mita 30. Wa kati akasimama na ncha akiwa kibao, mdogo akashika saa ya simu, mkubwa akatembea na bunda la kamba akiiachia. Mafundo mawili na nusu! Alipokimbia, kamba ilimwishia kabla ya sekunde kutimia. Somo la kugawanya desimali, lililotutoa machozi mwezi mzima, tulilimaliza siku hiyo mchangani.

Soma sura mbili mbele yao, tafadhali. Mimi sikusoma. Bowditch anafiwa mara kwa mara, hata mkewe anafariki yeye akiwa baharini, na usiku huo mtoto wa kati alilia mpaka nikalala chumbani kwao.

Ukitangulia utaona pia mahali pa kukifunga kitabu. Safari ya kwanza ya Bowditch, mwaka 1795, ilikwenda kisiwa cha Bourbon, leo Réunion. Mkubwa akakitafuta kwenye ramani. "Mama, hii si bahari yetu?" Nikaweka alama ukurasani, tukazungumza. Kahawa ya kisiwa kile ililimwa na watumwa, na wengi wao walitolewa pwani hii ya Afrika. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watu 1,000 kila mwaka. Ukiwa sitahani huyaoni mashamba. Usiku huo hatukurudi kitabuni. Kesho yake niliwatolea kipande cha marekani cha marehemu bibi, nikawaambia jina la kitambaa lilitoka wapi: wafanyabiashara wa Salem walifika Unguja baada ya siku za Bowditch baharini, na konsuli wa kwanza wa Marekani huko, Richard Waters, aliyefika 1837, alikuwa mtu wa mji huohuo.

Sura za mwisho babu alisikiliza kwa simu. Krismasi ya 1803, pwani haionekani, Bowditch anaiingiza meli Salem kwa hesabu zake. Watoto wameacha mchele, mimi mwenyewe sauti inatetemeka. Kimya Lamu. Kisha babu:

"Na bildi je, alitia?"

Sasa wananisumbua niwatafutie jiwe zito na kamba nyingine, twende kivukoni tukatie bildi, tupime kina.