Uvunguni mwa kitanda mna haki za watu

Kila unapokaribia mwezi wa Ramadhani, katika mitaa yetu ya Kaloleni, Levolosi, Ngarenaro na Unga Limited utawaona akina mama wakianika mazulia, wakifua mapazia na kupiga deki hadi kibarazani. Hilo ni jambo jema, kwani Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa twahara ni sehemu ya imani. Lakini ukichunguza utaona kuwa usafi huo mara nyingi unaishia sebuleni, pale atakapoketi mgeni. Stoo, juu ya kabati na uvunguni mwa kitanda makorokoro yanabaki vile vile yalivyokuwa mwaka jana na mwaka juzi.

Ndugu msomaji, ukiwauliza watu kwa nini hawapangi vitu vyao watakwambia muda hawana, au nyumba yenyewe ni chumba na sebule na watoto ni wanne. Sababu hizo zina ukweli ndani yake. Hata hivyo, kwa mtazamo wangu tunakosa msukumo kwa sababu jambo hili tumelifanya kuwa la urembo, na urembo unaweza kungoja. Haki ya mtu haingoji.

Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Uqba bin al-Harith (r.a.) kwamba siku moja Mtume (s.a.w.), baada ya kutoa salamu katika swala ya Alasiri, aliinuka kwa haraka akapita juu ya mabega ya watu kwenda nyumbani kwake, mpaka Masahaba wakashtuka. Aliporudi aliwaeleza kuwa alikumbuka kipande cha dhahabu kilichokuwa nyumbani, akachukia kimshughulishe, basi ameamuru kigawiwe. Hebu tuzingatie. Hakuahirisha mpaka kesho, wala hakungoja mwisho wa mwezi.

Sasa tufungue lile begi la uvunguni. Mara nyingi cha kwanza kukutana nacho ni amana: sufuria kubwa ya jirani tuliyoiazima siku ya shughuli, kitabu cha mtu, chaja ya simu ya shemeji, nguo ambayo fundi aliletewa na mwenyewe hajaifuata. Allah (s.w.) ametuamrisha katika Suratun Nisaa, aya ya 58, kuzirudisha amana kwa wenyewe. Tunajua pia kuwa usiku wa Hijra Ali (r.a.) aliachwa Makka ili arudishe amana za watu, na wenye amana hizo walikuwamo katika kaumu iliyokuwa ikipanga kumuua Mtume (s.a.w.). Itakuwaje sisi kwa jirani ambaye hata hatuna ugomvi naye?

Lililo zito zaidi ni mali ya marehemu. Katika nyumba nyingi utakuta sanduku la baba aliyefariki miaka mitano iliyopita: makoti, saa, redio, hati ya kiwanja, pengine na daftari la madeni. Familia inaona huruma kuligusa, au dada mkubwa anaamua peke yake kuzigawa nguo hizo kama sadaka. Nia yake ni njema, lakini mali hiyo si yake peke yake. Baada ya gharama za mazishi, kulipa madeni, na kutekeleza wasia usiozidi theluthi, kilichobaki ni cha warithi wote. Mjane mwenye watoto wa marehemu ana thumni yake hata katika lile koti, na mtoto mdogo hana uwezo wa kusema kuwa ameridhia fungu lake litolewe sadaka. Na lile daftari la madeni likiendelea kuliwa na mchwa, marehemu anabaki na deni la watu. Kwa hiyo mwenye kulifungua sanduku, aite warithi kwanza.

Tukimaliza hayo ndipo tuingie kwenye vitu vyetu wenyewe. Hapa niseme kidogo na akina baba: vyombo vya mkeo ni mali yake. Usivitupe wala kuvigawa bila idhini yake, hata kama vimejaa jikoni mpaka darini.

Wapo pia wanaodhani kuwa kupunguza vitu ni kubaki na mkeka mmoja. Sivyo. Katika Sahihi Muslim, Jabir (r.a.) amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alitaja tandiko la mume, la mke, na la tatu la mgeni, kisha akasema la nne ni la shetani. Wanazuoni wamefafanua kuwa hilo la nne ni kile kinachozidi haja na kuwekwa kwa fahari. Basi godoro la mgeni anayetoka Kondoa au Tanga libaki.

Lakini masweta yasiyovaliwa yatoke. Mwezi Juni na Julai, mawingu yanapoufunika Mlima Meru kutwa nzima, watoto wanakuja chuoni asubuhi wakitetemeka, na huku makabati yetu yamejaa mitumba tuliyonunua Tengeru na Kilombero kwa sababu ilikuwa bei poa. Zifuliwe, zishonwe vifungo, kwani Suratul Baqarah, aya ya 267, inatukataza kukusudia kutoa kibaya ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Kilichochanika kifanywe tambara la kudekia.

Namna ya kuanza ni nyepesi. Baada ya Alfajiri chagua droo moja au begi moja tu, nusu saa inatosha. Kilichotengwa kitoke nyumbani siku hiyo hiyo, maana mfuko ukilala mlangoni usiku mmoja kesho utarudi uvunguni. Wakati wa masika anza na ndoo mbovu, makopo na matairi ya uani, kwani mbu anayeeneza homa ya dengue hutaga katika maji yanayotuama humo.

Na wenzetu wafanyabiashara wasisahau marobota yaliyododa waliyoyahamishia nyumbani. Maadamu bado wananuia kuyauza, hiyo ni mali ya biashara. Mwaka ukitimia na nisabu ikafika, itahesabiwa pamoja na iliyoko dukani na kutolewa zaka ya asilimia 2.5, kwa bei ya soko ya siku hiyo, si ile waliyonunulia.