Safari ya Wakati na Suala la Usadikifu

Katika semina moja ya uhakiki wa riwaya, mwanafunzi mwenzetu aliitupilia mbali Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed kwa hoja moja tu: marehemu hawezi kurudi, kwa hiyo riwaya hiyo haisadikiki. Wengi tulicheka, wala hakuna aliyemjibu. Makala haya ni jibu lililochelewa.

Tuanze na sayansi, kwa kuwa ndiyo aliyoifanya hakimu. Tangu Albert Einstein atoe nadharia yake ya uhusianifu mwaka wa 1905, wanafizikia wamekubali kwamba wakati haupiti kwa mwendo mmoja kila mahali. Mnamo Oktoba 1971, Hafele na Keating walizungusha saa za atomiki duniani kote kwa ndege za abiria. Ziliporudi, zilitofautiana na zile zilizobaki kwa kiasi kidogo mno, lakini kilichopimika. Hata saa za setilaiti zinazoziongoza ramani za simu zetu hutangulia za ardhini kwa takriban mikrosekunde 38 kila siku, na ni sharti zisahihishwe. Kwa maana hiyo finyu, kwenda kesho kunawezekana: aliyesafiri angani kwa kasi kubwa mno angerejea akiwa kijana kuliko pacha wake. Jana ndiyo yenye kizuizi. Mtu akirudi nyuma amuue babu yake kabla hajaoa, yeye mwenyewe atakuwa amezaliwa na nani? Hakuna jaribio lililowahi kuufungua mlango huo.

Ajabu ni kwamba Said Ahmed Mohamed ameuchagua mlango uo huo. Katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, John Mbiti aliyatumia maneno ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kudai kwamba wakati wa Mwafrika huelekea nyuma, na kwamba wakati ujao wa mbali hauna uzito kwake. Amepingwa sana, nami simwungi mkono kikamilifu: lugha yenye mtondo na mtondogoo inajua kuhesabu mbele (ijapokuwa, nakiri, siku nne si karne). Hata hivyo, maelezo yake kuhusu wafu wanaoendelea kuishi maadamu wapo wanaowakumbuka kwa majina yanatufaa katika kumwelewa Babu.

Babu hahitaji mashine kama ile ya msafiri wa H. G. Wells katika riwaya ya 1895. Anakuja akiwa jamaa mwenye haki ya kumkemea mjukuu wake, K, kiongozi aliyelewa madaraka, na K hana budi kumfuata na kuyaona aliyokuwa akiyafumbia macho. Hii si mbinu rejeshi, ambapo mhusika hukumbuka tu. Zamani yenyewe imevuka kizingiti. Kitendawili cha wanafizikia kimegeuzwa hapa: mjukuu harudi kumwangamiza babu, babu ndiye anayemjia mjukuu aliyeangamiza alichoachiwa. Msomaji aliyewahi kukemewa na mzee wa ukoo haulizi alifikaje. Kwangu mimi, safari ya wakati hukosa kusadikika pale msafiri anaporudi nyumbani bila ya kupoteza chochote, hata kama mtunzi ameieleza mashine yake hadi msumari wa mwisho.

Je, kesho haina msafiri katika riwaya zetu? Anaye, ila amejificha. Katika Walenisi (1995) ya Katama Mkangi, Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anarushwa angani na kufikia nchi ambayo jina lake, wale-ni-sisi, linadokeza kuwa ndiko tuwezako kufika. Mkangi ameificha kesho ndani ya umbali. Shaaban Robert alikuwa amefanya jambo la karibu na hilo mwaka wa 1951, alipoipa nchi inayoelea hewani jina la Kusadikika. Wajumbe sita wa nchi hiyo walitumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Hakuna aliyetumwa jana, wala kesho, ingawa habari walizorudi nazo, na ambazo kwazo walifungwa, zilikuwa za nchi jinsi ambavyo Kusadikika ingeweza kuwa.