Kisanduku cha Nzi wa Trauti: Barua za Isiolo na Timau

Barua za kuuliza kisanduku kinauzwa wapi nimeziweka kando. Nimechukua zile zinazonikosesha usingizi. Nzi wa kuvulia, yaani chambo bandia cha trauti, hufungwa kwa mkono, unyoya kwa unyoya. Wakenya wanaofunga nzi huuza kazi yao hadi Ulaya na Marekani, na inaniuma kuona kazi hiyo ikiozea ndani ya plastiki.

Nilinunua kisanduku kisichoingiza maji hata tone, lakini nzi wote wameshika kutu. Je, niliuziwa ndoana feki? *(Barua tano zimeuliza hivi, nazijibu pamoja.)*

Ndoana si feki. Kilichowaozesha nzi wako ni hicho kisanduku, na hapa nitakaa kidogo, maana nimechoka kusikia watu wakidhani "kisichoingiza maji" ni sawa na "kikavu". Mpira unaozuia maji yasiingie ndio huohuo unaozuia unyevu usitoke.

Fuatilia safari yako mwenyewe. Asubuhi uko mto Sirimon, karibu mita 2,600 juu ya bahari, vidole vimekufa ganzi. Umebadilisha nzi sita, wote wamelowa, na kila mmoja umemrudisha kwenye sponji palepale na kufunga kifuniko. Kisha unateremka kupitia Timau hadi Isiolo, mita kama 1,100, kwenye jua la saa nane. Maji yaliyokuwa kwenye manyoya yanageuka mvuke humo ndani. Usiku joto likipungua, mvuke unarudi kuwa matone na kutua kwenye ndoana zote, hata za nzi ambao hukuwagusa siku hiyo.

Unataka ushahidi? Kifungue kisanduku ukifika nyumbani. Kifuniko kitang'ang'ania, na ukikivuta utasikia kikifyonza hewa kwa mlio mdogo. Hewa uliyoifungia kule mlimani ni nyepesi kuliko ya Isiolo, kwa hiyo ya nje inakikandamiza kifuniko. Ikiwa hewa yenyewe imeshindwa kupenya njia nzima, huo unyevu ungepita wapi?

Mtoni, nzi aliyelowa mchomeke kwenye kipande cha sponji kifuani, asirudi kisandukuni. Ukifika nyumbani, fungua visanduku vyote, vifunike kwa kitambaa chepesi kuzuia vumbi, na uviache kivulini hadi kesho yake. Hewa kavu ya Isiolo itakufanyia kazi bure, mradi uiruhusu iingie.

Je, niweke mchele humo ndani unyonye unyevu?

Hapana. Mchele una vumbi na huleta fukusi. Vile vipakiti vinavyokuja ndani ya boksi la viatu vipya vinafaa, lakini navyo hushiba maji. Na havichukui nafasi ya kuwaanika nzi.

Muuzaji ameniambia niweke vidonge vyeupe vya kufukuza nondo kwenye kila kisanduku.

Ushauri huu umenikasirisha kuliko yote. Vidonge hivyo mara nyingi ni naftalini, na mvuke wake hulainisha baadhi ya plastiki. Nimeona kisanduku ambacho sehemu ya ndani ilikuwa inanata kama peremende iliyolambwa. Zaidi ya hayo, mtoto akimeza kidonge kimoja, seli zake nyekundu za damu zinaweza kuvunjika, hasa kama ana upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali iliyoenea katika maeneo ya malaria. Usiviweke mahali mtoto anapofika.

Adui ni buu wa nondo au wa mbawakawa mdogo anayekula manyoya. Anaacha ndoana uchi, uzi umebaki, na chini yake unga mwembamba wa kahawia. Watie nzi kwenye mfuko wa plastiki, uufunge vizuri, uuweke kwenye friza wiki mbili. Ukiutoa, usiufungue mpaka ubaridi uishe kabisa, la sivyo matone yatakurudisha kwenye swali la kwanza. Manyoya mapya nayo yapitie friza kwanza.

Naweza kutumia manyoya ya kanga wa huku kwetu?

Wa kufugwa, ndiyo. Wa porini, waache. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haichezi na nyara, na unyoya ni nyara.

Niwapange kwa rangi au kwa namba ya ndoana?

Kwa namna unavyovua. Wanaoelea wakae peke yao kwenye kisanduku chenye vyumba virefu, maana wakibanwa kwenye sponji manyoya yao hulala. Wanaozama wachomekwe kwenye sponji kwa safu, aina moja safu moja. Pengo likionekana, unajua usiku wa leo unafunga nani. Ndani ya safu ndipo namba inafuata, na kumbuka namba 16 ni mdogo kuliko 10.

Manyoya yamepinda. Niwatupe?

Mshike nzi kwa kibano juu ya mvuke wa birika la chai, sekunde chache tu, ukimgeuza. Utaona unyoya ukiinuka.

Nzi hawa nitawatumia Ewaso Nyiro pale Archers Post?

Trauti hayupo pale, maji ni ya moto. Mamba wapo.

Marehemu baba yangu ameacha kisanduku cha nzi wa zamani, wengi wana kutu. Mama anasema nikitupe.

Mpe pole mama, kisha mwombe akuachie. Trauti waliletwa nchini mwaka 1905, wakatiwa mto Gura kule Aberdare, na kisanduku kama hicho ni kipande cha historia hiyo. Shika kila ndoana kwa koleo na uipinde kidogo. Inayovunjika isirudi mtoni kamwe, maana samaki atakwenda na ncha mdomoni. Lakini usiitupe. Tazama baba yako alivyozungusha uzi shingoni, mizunguko mingapi, amemalizia wapi. Kisha chukua ndoana mpya, umweke nzi wake mbele yako mezani, ufunge mwingine kama yeye.